Kukaribisha marafiki wanne kwenye boti ya tanga, Lefkada mwezi Julai: niandae nini?

Kamba_ya_Nanga ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Nimekodi boti ya tanga ya mita 12 bila nahodha wa kampuni, Jumamosi hadi Jumamosi, katikati ya Julai, kuanzia Lefkada, Ugiriki. Cheti cha unahodha ninacho, na mwenzangu ana uzoefu wa kutosha kuandikwa kama msaidizi. Boti ina kabini tatu, vyoo viwili vya pampu ya mkono, tangi la maji la lita 400, betri mbili za matumizi za Ah (ampea-saa) 110 kila moja, na friji.

Tutakuwa sita: sisi wawili na marafiki wanne ambao hawajawahi kulala botini. Mmoja hajui kuogelea. Wawili kati yao wanafika Jumatatu na wanaomba tuwachukue Fiskardo, Kefalonia, saa kumi jioni.

Kuendesha chombo hakunisumbui. Wasiwasi wangu ni wageni: maji yatatutosha kweli? Choo nitakielezaje? Usiku tulale wapi? Wakati wa kufunga gatini niwape kazi gani? Gharama tugawane vipi? Naomba majibu ya vitendo, na namba pale inapowezekana.

---

Fundi_Ngama:

Naanza na choo, maana kinaharibu likizo za watu wengi kuliko upepo. Wafundishe siku ya kwanza, mmoja mmoja, mkiwa mmesimama mbele ya choo chenyewe. Maelezo ya mezani hayakai kichwani.

Pampu ina swichi ndogo ya pande mbili: upande mmoja inavuta maji ya bahari, upande wa pili inakausha bakuli. Kabla ya kukaa, vuta maji kidogo, mipigo mitano au sita. Baada ya haja kubwa, piga mipigo 15 hadi 20 mirefu, ya taratibu, swichi ikiwa upande wa maji. Kisha igeuze upande wa kukausha, piga mpaka bakuli liwe tupu, na iache hapo hapo. Ikiachwa upande wa maji, bahari inaweza kurudi yenyewe ndani ya bakuli na kufurika, kwa sababu bakuli mara nyingi liko chini ya usawa wa maji ya nje.

Kwa nini mipigo mingi hivyo? Kati ya choo na tangi la maji machafu kuna mpira wa milimita 38 hivi, urefu wa mita mbili au tatu, na una kona. Kila mpigo unasukuma maji kidogo tu. Mgeni akipiga mara tano akaondoka, uchafu unabaki katikati ya mpira. Kesho yake kunanuka, siku ya tatu kumeziba. Karatasi ya chooni iende kwenye pipa dogo lenye mfuko na kifuniko, mfuko utolewe kila siku. Vitambaa laini vyenye unyevu visiingie kabisa: havilainiki, vinajisokota kwenye valvu ya mpira na hapo itabidi ufungue pampu kwa mikono. Mwambie mgeni pia kwamba pampu ikiwa ngumu aache mara moja na akuite, asiilazimishe. Mara nyingi ugumu huo maana yake tangi limejaa au valvu yake imefungwa, na akiendelea kusukuma, mpira utafyatuka kwenye kiungo.

Tangi la aina hiyo huwa na lita 40 hadi 70. Watu watatu kwa choo kimoja wanalijaza kwa siku mbili au tatu. Ndani ya ghuba na bandari valvu ya kutolea ibaki imefungwa. Ifungue mkiwa bahari ya wazi, mbali na pwani na waogeleaji, boti ikitembea, kisha mwaga maji safi ya bahari kwa mipigo 20 zaidi ili tangi lijisuuze. Weka hiyo kwenye ratiba yako ya kila asubuhi baada ya kung'oa nanga, usingoje harufu ikukumbushe.

Maji: hesabu lita 12 kwa mtu kwa siku, za kuoga, kuosha vyombo na kunawa. Watu sita ni lita 72, kwa hiyo lita 400 ni siku tano na kitu, lakini tu kama kila mtu anaoga kwa utaratibu huu: ruka baharini, panda ngazi ya tezi (nyuma ya boti), jipake sabuni, kisha suuza kwa bomba la nje lililoko tezi. Lita tatu hadi tano zinatosha. Mgeni akioga ndani kama hotelini, bomba likiwa wazi dakika tano, anamaliza lita 30 au zaidi. Jaza tangi kila mnapopata gati lenye maji, hata kama limepungua robo tu.

Jambo la kuwafundisha masikio yao: pampu ya maji inasikika ikiwaka. Ikinguruma na hakuna bomba lililofunguliwa, ama kuna mahali panavuja, ama tangi limekauka. Izimeni kwenye paneli kwanza, halafu mtafute chanzo. Ikizunguka kavu muda mrefu inapata joto na kufa.

Ya kunywa nunua kando. Lita tatu kwa mtu kwa siku, watu sita, siku saba: lita 126, yaani pakiti 14 za chupa sita za lita moja na nusu. Anza na pakiti nane, zipange chini na katikati ya boti, nyingine mtanunua njiani.

Umeme: friji inavuta ampea nne hadi tano kompresa ikiwaka, na katika joto la Julai inawaka zaidi ya nusu ya siku. Hiyo ni Ah 60 hivi. Taa, pampu na vifaa vya usukani ongeza 20. Betri zako za risasi jumla ni Ah 220, lakini usizishushe chini ya nusu, hivyo una 110 za kutumia. Ni siku moja na kidogo. Injini saa mbili kwa siku itakurudishia sehemu kubwa, na maji ya moto mtapata humo humo. Simu usizigombeze, zinakula kidogo sana. Kinachoua betri ni kikaushia nywele: wati 1500 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 125, na inveta ya boti ya kukodi haijatengenezwa kwa mzigo huo. Waambie wakiache nyumbani.

---

Goshi_Demani:

Mkuu, jibu la Fiskardo kwanza, maana hapo ndipo ratiba yako itavunjika. Usimwahidi mgeni mahali na siku kwa pamoja. Mpe kimoja. Ukimpa vyote viwili, siku upepo utakapokukataza utajikuta unatoka baharini kwa sababu ya ahadi, na hapo ndipo watu wanaumia na vyombo vinavunjika.

Kwenu kuna njia rahisi. Lefkada ni kisiwa kilichounganishwa na bara kwa barabara, na uwanja wa ndege wa Aktion uko karibu. Waambie hivi: "Jumatatu jioni tutakuwa upande wa mashariki au kusini wa Lefkada, ama Nydri, ama Sivota, ama Vasiliki. Jumatatu asubuhi nitawaambia ni wapi." Popote kati ya hapo teksi inafika. Fiskardo iko kisiwa kingine, na wakikosa kivuko wamelala nje.

Mpangilio ninaoupendekeza: Jumamosi mnalala marina, maana makabidhiano ya boti hufanyika alasiri na wageni wanahitaji usiku mmoja wa kuzoea chombo kikiwa kimetulia. Jumapili Meganisi. Jumatatu mnavuka kuja Sivota kuchukua wawili. Jumanne Kioni, Ithaca. Jumatano Fiskardo. Alhamisi ghuba za kaskazini mwa Meganisi. Ijumaa kurudi Lefkada, na mfike mapema kwenye mafuta kwa sababu boti zote za wiki hiyo zinarudi siku hiyo hiyo. Hakuna siku itakayozidi maili 15 hivi za baharini, yaani saa tatu. Kwa watu wapya hiyo inatosha kabisa. Saa mbili za mwendo na saa tano za kuogelea ndizo zinazowafurahisha.

Upepo wa huko kiangazi ni maistro, unatoka kaskazini-magharibi. Asubuhi bahari imelala. Unaanza kuamka saa sita au saa saba mchana, unapanda mpaka nguvu 4 au 5 ya kipimo cha Beaufort alasiri, na jua likizama unakufa. Ni tofauti kabisa na meltemi ya Bahari ya Aegean, inayoweza kuvuma siku tatu nne mfululizo usiku na mchana kwa nguvu 6 au 7, ndiyo maana kwa wageni wa mara ya kwanza umechagua vizuri upande huu. Ila Vathy ya Ithaca iangalie: alasiri upepo unaporomoka mlimani kwa vishindo, na wageni walioko sitahani bila kushika kitu wanashtukizwa.

Fiskardo inajaa mapema. Ukifika baada ya saa saba au saa nane mchana, tegemea kutia nanga upande wa kaskazini wa ghuba na kupeleka kamba mbili za tezi hadi kwenye miamba. Uwe na kamba zinazoelea, mita 40 kila moja, na mtu mmoja kwenye kihori (kiboti kidogo cha kwendea pwani) anayejua fundo la kitanzi.

Kutia nanga kwa kulala: tafuta rangi nyepesi chini, huo ni mchanga. Rangi nyeusi au kijani kizito ni nyasi za posidonia. Nanga inateleza juu yake, na ikishika inang'oa majani yanayochukua miaka mingi kuota upya, na humo ndimo samaki wanazalia. Kina mita tano, ongeza mita moja na kidogo ya urefu wa omo (mbele ya boti) kutoka majini, zidisha kwa tano: mita 30 za mnyororo. Rudi nyuma polepole injini ikiwa taratibu, mnyororo ukinyooka panda hadi mizunguko 1500 kwa dakika au zaidi, ushikilie hivyo nusu dakika, ukitazama vitu viwili vya pwani vilivyo kwenye mstari mmoja. Vikiachana, nanga inakokota. Halafu mtu avae miwani ya maji akaitazame kwa macho yake. Mgeni anayeogelea vizuri atafurahi kupewa kazi hiyo, na ni msaada wa kweli.

Kufunga gatini kwa tezi ndipo wageni wanapoumia. Gawa kazi mkiwa bado nje, boti imesimama: mwenzako omo kwenye winchi ya nanga, mgeni mmoja kamba ya tezi ya goshini (upande upepo unakotoka), mwingine ya demani (upande upepo unakoelekea), wa tatu anashika dafrao (mto wa kukinga ubavu) moja mkononi ya kusogeza. Aliyebaki anakaa chini na kunyamaza. Dafrao tatu kila upande na moja tezi. Nanga inaangushwa urefu wa boti tatu hadi nne kutoka gatini, kwako ni mita 40 hivi. Anza kurudi nyuma ukiwa na mwendo kabla hujaiangusha, usukani ushike. Kamba ya goshini ndiyo ya kwanza kufungwa, kwa sababu upepo unawasukuma kutoka upande huo. Na kabla ya yote hakikisha kamba zote mbili zimepita nje ya uzio wa sitaha, zikarudi juu. Kosa la kuipitisha ndani linaonekana dogo mpaka boti inapolala juu ya kamba na uzio unapinda.

Sheria tatu za kukariri. Mguu au mkono hauwekwi kati ya boti na ukuta, hata kidogo. Boti ina tani nane, mfupa hauizuii. Hakuna kuruka kwenda gatini, mtu anavuka pengo likibaki hatua moja tu. Na kelele ni ya nahodha peke yake.

---

Sitaha_Safi:

Wenzangu wamemaliza mengi, naongeza ya karatasi, fedha na jiko.

Orodha ya watu wa chombo lazima iwe na jina na namba ya pasipoti ya kila anayesafiri. Wawili wanaopanda Jumatatu waandikwe tangu mwanzo, na mweleze mwenye boti kwamba watapanda njiani ili akwambie anavyotaka iwekwe. Kama kuna anayesafiri kwa viza ya Schengen ya kuingia mara moja, msivuke kwenda Albania au Uturuki: mkitoka, viza hiyo imekwisha, na kurudi Ugiriki hawezi.

Fedha: gawaneni gharama, usitoze nauli. Kodi ya boti, dizeli, gati, chakula, vigawanywe kwa vichwa na hesabu ionekane kwa wote. Ukichukua hata kidogo cha faida, umegeuka mfanyabiashara wa kubeba abiria, mkataba wako wa kukodi haukuruhusu hilo na bima inaweza kukukana siku ya ajali. Fungueni mfuko wa pamoja siku ya kwanza, kiasi sawa kila mtu, mtu mmoja asiye nahodha aushike. Dizeli hesabu lita 3 hadi 4 kwa saa. Saa nne kwa siku kwa siku sita ni lita 72 hadi 96, na boti inarudishwa tangi likiwa limejaa. Amana ndiyo inayovunja urafiki, kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi kabla ya kuondoka: uharibifu ukitokea, je, ni wa nahodha peke yake au wa wote? Mimi nasema wa wote, isipokuwa mtu amevunja kitu kwa kukaidi alichoambiwa.

Mizigo: mabegi laini tu. Sanduku gumu halina pa kuwekwa, litalala kitandani pamoja na mwenyewe wiki nzima. Viatu vya kwenye sitaha viwe na soli nyeupe au watembee peku, lakini kidole cha mguu na vyuma vya sitaha havipatani, kwa hiyo wakati wa kazi viatu vivaliwe. Mafuta ya jua ya kupuliza yanaacha madoa kwenye mbao za sitaha na kuigeuza utelezi. Waje na ya kupaka, kinga 50, na kofia yenye kamba.

Kabini ya omo chukua wewe nahodha. Hapo ndipo utasikia mnyororo ukikwaruza usiku nanga ikianza kukokota. Wageni walale tezi. Kuna joto zaidi kwa sababu ya injini, basi ifungulieni hewa mapema jioni, na kila mmoja apate feni ndogo. Madirisha ya juu yafungwe kila mnapoondoka. Wimbi moja likiingia kitandani, godoro lenye chumvi halikauki tena wiki hiyo, linanyonya unyevu wa usiku kila siku.

Chakula: asubuhi na mchana botini, usiku tavernani (migahawa ya Kigiriki). Meganisi na Sivota kuna taverna zenye gati zao, na mara nyingi ukila hapo kufunga ni bure. Maboksi ya karatasi yasiingie botini. Toa kila kitu nje ya boksi gatini, mayai ya mende hujificha kwenye mikunjo. Vinywaji viwe na sanduku lao la barafu, ili friji isifunguliwe mara arobaini kwa siku. Gesi ifungwe kwenye mtungi kila baada ya kupika, si kwenye jiko tu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutuama ngamani (chini kabisa ndani ya boti), ambako upepo hauifikii, na cheche moja ya swichi inatosha.

---

Kamba_ya_Nanga:

Asanteni sana, nimekopi yote. Ratiba nimeibadilisha, wawili watapandia Sivota au Nydri. Nibakize mawili. Huyu asiyejua kuogelea nimfanyie nini hasa, asijione mzigo? Na kichefuchefu, dawa itolewe lini?

---

Goshi_Demani:

Asiyejua kuogelea: apimiwe jaketi la kuokolea na likazwe siku ya kwanza, mkanda wa kati ya miguu ukiwemo, maana bila mkanda huo jaketi linapanda kichwani na mtu anazama ndani yake. Analivaa kwenye kihori wakati wote, na sitahani kila boti inapotembea. Ili asijione tofauti, fanya hiyo iwe sheria ya watu wote wa kihori. Wengi wanaanguka wanapopanda kihori usiku wakitoka kula, mikono ikiwa na vitu. Vitu vipite kwanza kwa mtu aliyekaa, ndipo mtu ashuke, na akanyage katikati.

Kuogelea: injini imezimwa, ufunguo mfukoni mwako, ngazi imeshushwa kabla mtu wa kwanza hajaruka. Ubavu wa boti kutoka majini una zaidi ya mita moja ya ukuta laini, na bila ngazi hata kijana mwenye nguvu hapandi. Mtu mmoja anabaki juu daima. Funga kamba inayoelea ya mita 25 tezi na dafrao mwishoni. Upepo ukimsukuma mtu nyuma ya boti, ana kitu cha kushika. Rafiki yako anaweza kuingia na jaketi lake akishika kamba hiyo hiyo karibu na ngazi, wewe ukiwa majini kando yake.

Wote wajue hili pia: mtu akianguka, anayemwona anapaza sauti, anarusha boya, kisha ananyoosha mkono kumwonyesha na hamwondolei macho mpaka atolewe. Hana kazi nyingine. Na angalau wawili zaidi yako wajue kutumia redio, chaneli 16, na namba ya simu ya walinzi wa pwani Ugiriki, 108. Ziandike pamoja na jina la boti kwenye karatasi, uibandike juu ya redio.

Kiwavi cha baharini (konyeza) kikimchoma mtu, suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi kwa ukingo wa kadi. Maji baridi ya bomba au kusugua kwa taulo kunafyatua sumu iliyobaki.

---

Fundi_Ngama:

Dawa ya kichefuchefu inafanya kazi kabla, si baada. Nyingi zinamezwa saa moja au mbili kabla ya kung'oa nanga, kwa hiyo mkiondoka saa tatu asubuhi mtu ameze saa moja asubuhi. Amuulize mfamasia kwanza kama anatumia dawa nyingine, na ajue kwamba nyingi zinaleta usingizi.

Mtu akianza kupiga miayo, kunyamaza na kupauka, hiyo ndiyo dalili, usingoje aseme. Mpeleke nje, akae karibu na usukani, atazame upeo wa bahari. Mpe usukani wenyewe kama anaweza: mikono inayohisi chombo kinavyogeuka inatuliza tumbo haraka kuliko kitu kingine. Asishuke ndani, asisome simu. Akitaka kutapika, apige magoti upande wa demani akiwa ameshikwa mkanda wa jaketi, au apewe ndoo. Ndoo ndiyo salama zaidi. Kisha maji kwa vijiko na biskuti kavu.

Na kila kitu kitakachohitajika ndani wakati wa mwendo, maji, kofia, mafuta ya jua, matunda, kipandishwe nje kabla ya kuondoka. Anayeshuka kutafuta kofia boti ikiyumba ndiye anayepanda akiwa mgonjwa.